Mwanamieleka Aliyemkasirisha Kukhu

Juzi nilisoma kwenye simu kwamba Ndevu amekufa. Hilo silo jina lake, rafiki yangu. Ni jina tulilompa sisi watoto wa Kanduyi tulipokuwa tukimtazama akipigana mieleka kwenye televisheni ya jirani yetu, mwalimu mstaafu. Nimekaa hapa Kitale chai imepoa mkononi, mtu mzima mimi, nikimlilia mzungu ambaye hakuwahi kujua Bungoma iko wapi.

Kila Jumamosi jioni mwalimu aliunganisha televisheni na betri ya gari, nasi tukajazana sakafuni tukinuka moshi na mahindi ya kuchoma. Ndevu alikuwa akivunja watu. Aliwainua juu ya kichwa akawabwaga mpaka ulingo ukalia, aliwatandika kwa viti, alitokwa na damu usoni na bado akacheka. Kesho yake tuliyarudia yote juu ya rundo la maganda ya mahindi. Nilikuwa msichana, lakini nilimng'oa binamu yangu jino, naye akanitegua bega. Kukhu, yaani nyanya yetu, alinikanda kwa maji ya moto huku akinitukana.

Hata hivyo naye hakukosa Jumamosi hata moja. Kilichompandisha hasira ni mapigano ya wawili kwa wawili. Mwenzake Ndevu, kijana mwembamba, alikuwa akikanyagwa katikati ya ulingo, na Ndevu amesimama nje ya kamba, mkono ameunyosha.

"Si aingie! Anangoja nini huyo?"

"Haruhusiwi, kukhu. Mpaka mwenzake amguse mkono."

"Ati nini? Mtu anauawa na wewe unangoja kuguswa? Hiyo sheria ni ya ujinga, bana."

Na yeye mwenyewe alikuwa na sheria yake. Kwetu, mama mkwe na mkwe hawagusani, hawapeani mkono, hata kuonana uso kwa uso ni aibu. Baba alikuwa akiishi Kitale. Mama alikuwa ameyakimbia makofi yake, akaja nasi kwao, kwa kukhu. Siku baba alipokuja kumchukua, kukhu alijifungia jikoni kama desturi ilivyotaka. Mama alikataa kwenda. Baba akamwangusha palepale uani, akampiga mateke ya mbavu, akamkaba koo. Nilimrukia mgongoni kama nilivyofundishwa na Ndevu, akanitupa kando kama gunia tupu. Nilimchukia siku hiyo, na sijamaliza kumchukia.

Mama alijinasua, akatambaa hadi mlango wa jikoni, akapenyeza vidole chini ya mbao. Sikuona kilichotokea upande wa pili. Niliona tu mlango ukifunguka na kukhu akitoka na mchi wa kinu. Alimpiga mkwewe goti, nikausikia mfupa. Alipoinama akampiga mgongoni, kisha akamshika kola kwa mikono yake miwili, ile isiyopaswa kumgusa kabisa, akamburuta hadi barabarani.

Wazee walikuja wamefura. Walisema kukhu amevunja mwiko, lazima atoe mbuzi wa kutakasa.

"Mbuzi nitatoa," akawaambia. "Mkitaka wawili, nitatoa. Lakini huyu mtoto wangu harudi Kitale tena."

Akatoa, na mama hakurudi.

Mwalimu tumemzika, na nyumba yake siku hizi ni duka la simu. Kukhu naye hayuko, na hakuna tena Jumamosi za kupiga kelele sakafuni. Vijana wananicheka, wananiambia mieleka ile ilikuwa maigizo na damu ilikuwa rangi tu. Huenda. Ya uani kwetu ilikuwa damu. Nilipompigia mama simu kumwambia Ndevu amekufa, nilimkuta shambani akipalilia maharagwe. Alisema pole, kisha akaniuliza kama nimekula.