Mguu Wangu Mbovu

Nimechoka kuchechemea, kwa hivyo wacha niseme ukweli. Duka langu hapa mtaa wa Wabera lilipovunjwa na wezi, nilitafuta leseni ya bastola. Nilichagua ile ndogo kabisa ili isionekane, maana majirani nilikuwa nimeshawaambia nawaamini kama ndugu. Lakini nikiivaa kiunoni, hiki kitambi changu kiliisukuma nje. Nikaifunga juu ya kifundo cha mguu, ndani ya suruali, nikaanza kutembea kama mbuzi aliyevunjika mguu. Walioniuliza niliwaambia ni gauti, ule ugonjwa wa viungo.

Juzi jirani yangu, Mzee Guyo, alinialika chakula. Nikavua viatu mlangoni, nikaketi mkekani na wazee wenzake. Kumbe alikuwa ameagiza mafuta ya ngamia kutoka Korbesa kwa ajili yangu.

"Baba Mwenda, leta huo mguu nikuchue."

"Mzee, mguu umepona kabisa!"

"Wacha aibu. Si sisi ni ndugu?"

Akaipandisha suruali. Mzee Guyo akaitazama bastola, akafunga chupa ya mafuta polepole.

"Kumbe ugonjwa wako," akasema, "ni sisi."