Kuni Anazoleta Mume Wangu Zimetoka Shimoni

Ndugu zangu wa ukurasa huu, nimemwomba admin anifiche kwa sababu mume wangu naye huwa anapita humu kusoma. Nina miaka thelathini na mbili, watoto watatu, naishi Kalangalala hapa Geita. Nauza wali maharage nje ya nyumba tuliyopanga.

Mwaka huu vitu vimepanda hadi sijui nipunguze nini. Mtungi wa gesi ulipoisha sikuujaza tena. Nikahamia kwenye mkaa, nao ukapanda. Nikawa naloweka maharage tangu jana yake, yakichemka kidogo naepua, naifunga sufuria kwa blanketi yaivie humo. Wateja wakalalamika ni magumu, wengine wakahama.

Mume wangu ni msimamizi kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, upande wa Nyarugusu. Dizeli ya pampu ilipopanda, tajiri mwenye shimo alipunguza watu. Mume wangu akabaki, ila posho ikakatwa. Jumamosi moja akarudi na bodaboda imebeba magogo mazito. Akasema ni mabaki, tajiri kawaruhusu wachukue. Nilimshukuru Mungu jamani. Kila wiki akawa analeta, moto ukawaka vizuri, wateja wakarudi.

Wiki tatu zilizopita, nikiwa napasua gogo, nikaona limechongwa kichwani ili lishikane na jingine, na lina udongo mbichi. Marehemu baba alikuwa mchimbaji, kwa hiyo nayajua. Hayo ni matimba, magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Nikamuuliza mume wangu. Hakukataa. Alisema matimba mapya yamepanda bei, tajiri hanunui tena, mabaki yameisha, na yeye anang'oa machache tu, moja hapa moja pale, hakuna anayejua.

"Mdogo wangu yuko humo chini," nikamwambia.

"Na wanao watakula nini?" akajibu, akaendelea kunywa chai.

Huyo mdogo wangu tumezaliwa naye baba mmoja mama mmoja, na mke wake kajifungua juzi tu. Mume wangu ndiye aliyemtafutia kazi hapo. Jumapili alikuja, akaniamkia, akala. Katika maongezi akasema siku hizi udongo unadondoka kidogo kidogo wakiwa kazini, ila shemeji kawaambia ni kawaida wakati wa mvua. Nilitaka kusema. Mume wangu akaniangalia. Wachimbaji wenzake wakijua watamuua, na hawatangoja polisi, hilo nalijua. Nikamwongezea mdogo wangu maharage. Nilipomsindikiza nikamsihi aache ile kazi, nikashindwa kusema sababu. Akacheka, akaniuliza mtoto atamlea na nini.

Tangu hapo namwomba mume wangu amwambie tajiri shimo lifungwe. Anasema shimo likifungwa na sisi tumefungwa.

Leo asubuhi kaniambia mgongo unamsumbua, kwa hiyo hatashuka tena, atasimamia kazi akiwa juu. Mgongo huo sijawahi kuusikia. Nikamuuliza nani atasimamia kule chini.

"Mdogo wako. Nimempandisha cheo," akasema.

Mdogo wangu kanipigia ananishukuru, anadhani mimi ndiye niliyemwombea. Zamu yake inaanza saa nane mchana huu. Nimeshika simu tangu alipokata. Nikimwambia ukweli, baba wa wanangu hatarudi nyumbani. Nawaomba mnaosoma sasa hivi msinitukane, niambieni nifanye nini, na mniambie kabla ya saa nane.