Saa Zetu au Zao

Tunduma ukimuuliza mtu ni saa ngapi, kwanza atakuuliza, "Zetu au zao?" Ukivuka tu kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Watoto wa pale hawafundishwi jambo hilo, wanalijua kama wanavyoijua njia ya dukani. Nimefundisha hisabati mjini humo miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba kulijua kungemponza mtoto.

Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Shule za msingi wilayani kwetu zilianzishiwa mashindano ya hisabati ili watoto wapende somo ambalo wengi walilikimbia. Darasa la saba nilikuwa na binti mmoja ambaye hakulikimbia, yeye ndiye aliyelikimbiza. Nikiandika swali ubaoni, kabla sijageuka alikuwa ameshanyoosha mkono, mpaka wakati mwingine ananikera. Baba yake alikuwa mfugaji bondeni Momba. Binti aliishi mjini kwa shangazi yake, muuza mchele aliyevuka mpaka kila siku, na baada ya masomo alikuwa akivuka naye.

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa alikuwa ameahidi kumsomesha sekondari atakayeshika nafasi ya kwanza. Baba alitoa msimamo wake mbele yangu: akishinda asome, asiposhinda arudi bondeni akamsaidie mama yake, kwa sababu yeye hana uwezo. Nami nisingeweza kumlipia. Mshahara wangu mwenyewe ulikuwa haufiki popote.

Fainali ilifanyika kwenye ukumbi wa shule mjini Vwawa. Walibaki wawili, binti wangu na kijana mmoja kutoka Itaka, mpole, kamasi zikimtoka kwa mafua. Walisimamishwa kila mmoja na ubao wake, wamepeana mgongo. Sisi walimu tuliwekwa nyuma kabisa na tukaonywa: mwalimu akifungua mdomo, mwanafunzi wake ametoka. Baba alikuwa pembeni yangu, amevaa koti zito na joto lote lile.

Msimamizi akasoma swali la mwisho. Lori liliondoka Tunduma saa mbili asubuhi, likafika Mpika, Zambia, saa nane mchana. Umbali ni kilomita 420. Tafuta mwendo wake wa wastani.

Nilishtuka kabla hajamaliza kusoma. Mtunzi wa swali hilo, huko alikokaa, alichukua majina mawili kwenye ramani akatia lori katikati. Jibu lake lilikuwa saa sita, kilomita 70 kwa saa. Kijana wa Itaka akaandika sita. Binti wangu akasimama kidogo na chaki yake, akatazama dari, nami nikajua anafanya nini. Alikuwa anavusha lori mpaka. Saa mbili zetu ni saa moja zao, na Mpika wanafuata zao. Akaandika saba.

Niliomba hesabu imkatalie. Nilitamani igome kugawanyika, imletee desimali mbaya ya kumshtua ajiulize. Lakini 420 kwa saba inatoka safi kabisa, sitini, wala haibaki kitu. Mdomo uliniwasha mpaka nikaubana kwa vidole. Ningekohoa tu wangesema nimempa ishara. Akaandika sitini, akapigia mistari miwili chini kama nilivyomfundisha, akageuka anatabasamu.

"Sabini ndiyo sahihi," msimamizi akasema.

"Mwalimu, ukifika Nakonde si unarudisha saa nyuma?" binti akauliza. Watoto wa Tunduma waliokuja kumshangilia wakapiga makofi na kucheka. Msimamizi akagonga meza, akataka ukimya, akamwita kijana wa Itaka mbele.

Nilimfuata msimamizi mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana mtu akikutukana angalau unapata pa kushika.

"Ni kweli, mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Lori limetumia saa saba. Lakini karatasi ya majibu inasema sabini, na mimi sikuitunga. Nimeletewa."

"Basi waulize waliotunga."

"Niwaulizie wapi leo? Mgeni wa kahawa anangoja kutoa zawadi."

Nikarudi nyuma. Binti alikuwa ameshafika kwa baba yake, bado ana vumbi la chaki mkononi, hajalia.

"Mwalimu," baba akaniuliza, "amekosea?"

"Hajakosea, mzee. Amepatia."

"Na yule mwenzie?"

"Naye kapewa ushindi kwa mujibu wa karatasi."

Akaninyooshea kiganja kana kwamba anataka nimwekee kitu humo.

"Mi sijasoma, mwalimu, unifafanulie taratibu. Kama akipatia anakosa, huko sekondari akasome nini?"

Binti akanigeukia. Alinitazama kama alivyozoea kunitazama darasani, ametulia, anangoja nianze kueleza. Alingoja mpaka baba yake alipomshika mkono, na hata walipokuwa wakitoka mlangoni alikuwa bado ameugeuza uso kwangu.