Posa yangu Kilosa ilivyogeuka mazungumzo ya kuzuia mitumba

Wakuu, heshima kwenu. Wa kusema "hii chai" wapite tu, mimi naandika kilichonikuta.

Niko Mikumi, nauza mitumba, hasa magauni. Siku za gulio napeleka mzigo Kilosa. Huko ndiko nilikompata Zuhura, nikasema huyu naoa.

Shida baba yake. Mzee Kondo ni fundi cherehani na ana redio.

Kipindi hicho redio inasema nchi zetu ziko mezani na mataifa makubwa, zinataka mitumba inayoingia ipungue ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Mzee akaishika habari hiyo kama ametumwa yeye akajadili.

Nikamtuma baba mdogo Salehe kama mshenga. Desturi mwoaji anabaki nyumbani. Mimi subira sina, nikakaa nje chini ya dirisha. Msinihukumu.

Baba mdogo akaanza vizuri, eti tumeona ua humu ndani. Mzee akamkata.

"Kijana wenu anafungua belo ngapi za mitumba kwa mwezi?"

"Mzee mwenzangu, tumekuja kwa ajili ya binti."

"Binti baadaye. Serikali inawabana bandarini, nyie mnapitia mlango wa posa. Aache magauni, auze viatu. Hapo tutaongea mahari."

Wakuu, viatu? Magauni ndiyo yananilisha.

Baba mdogo akaomba nipewe muda wa mpito, kama wanavyosema redioni.

"Muda wa mpito ni mpaka chai hii iishe," mzee akasema. Nikasikia anapiga funda kubwa.

Uvumilivu ukanishinda. Nikachomoza dirishani.

"Shikamoo baba. Naomba kuchangia hoja."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Marahaba," akajibu, halafu akamgeukia baba mdogo. "Na huyu naye kaingia kwa magendo?"

Nikajua nimeharibu. Baba mdogo akavaa kofia yake, anainuka. Zuhura ndiyo naenda kumkosa hivyo.

Sauti yake ikatoka uani. "Baba, samahani. Wiki hii umeshona magauni mapya mangapi?"

Mzee akatupia jicho cherehani.

"Yote yaliyo hapo kwenye cherehani ni mitumba, watu wamekuletea upunguze kiuno. Yakizuiwa, utapunguza nini?"

Mzee akakohoa. Akazungusha kikombe. Mwisho akasema, "Haya, yaingie. Ila saizi kubwa tu. Gauni linalomkaa mtu moja kwa moja usiniletee Kilosa."

Tukafunga mkataba hapohapo, na mahari ikapangwa jioni hiyohiyo. Mezani kwa wakubwa sijui walifikia wapi.

Sasa hivi Zuhura ni mke wangu. Nikifungua belo nachambua mapana tu, wenzangu Mikumi wananiona nimechanganyikiwa. Siku ya gulio Kilosa, mteja ananunua kwangu, anavuka njia kwa mkwe kupunguza.

Nilichojifunza: mtu akikuzuia biashara, chungulia kwanza yeye anakula kupitia wapi. Na ukimtuma mshenga, kaa nyumbani.

Mliooa kwa mafundi, nyie mlipewa masharti gani? Na mwenye belo la saizi kubwa aseme hapahapa. Mzee analalamika cherehani imepoa.