Seva Yetu ya Ujiji na Vazi Lake

Baba yangu alikuwa mpiga video wa familia kwa kujiteua mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Alinunua kamera ndogo ya mkononi, akaitundika shingoni, na tangu hapo halikufanyika jambo nyumbani kwetu Ujiji bila yeye kulisimamisha kwanza. Mbuzi wa Idi alisubirishwa kuchinjwa kwa sababu baba alitaka jua limpige upande mzuri. Siku ya harusi ya dada yangu, bibi harusi alitolewa ndani mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza baba alisahau kuondoa kifuniko cha lenzi. Wakwe walivumilia. Walikuwa wameshaonywa.

Matokeo yake ni kwamba katika video zote hizo baba haonekani hata kidogo. Yuko nyuma ya kamera, anasikika tu akitoa amri: "Sogeeni! Wewe, usifumbe macho! Mke wangu, cheka kidogo, hujafiwa." Mama ndiye anayeonekana vizuri, karibu kila mahali, amekunja uso.

Baba alipofariki tulibaki na picha zake chache za pasipoti, zile ambazo hakuna binadamu aliyewahi kufanana nazo, na hizo video. CD mbili tatu alikuwa nazo shangazi, zimekwaruzika kama zimetumika kusugulia sufuria. Nyingine niliikuta Bangwe, imetundikwa kwenye bustani ya mchicha ya jirani wa shangazi huyo huyo, inafukuza ndege. Zilizobaki, yaani karibu zote, zilikuwa kwenye diski moja ya nje ambayo baba aliitunza ndani ya kopo la biskuti. Diski hiyo ilikuwa na tabia. Ukiichomeka inagonga ta-ta-ta, inafikiria, halafu ikipenda inafunguka. Isipopenda, unaiacha unaenda zako. Mimi mwenyewe nina hasira za karibu, kwa hiyo tulikuwa hatuelewani.

Siku moja tulikuwa uani, mama na mimi, tunachambua dagaa. Mama akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu, nimeanza kuisahau sauti ya baba yako. Maneno yake nayakumbuka. Sauti ndiyo inanitoka."

Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi imekwisha, akaendelea kutoa mawe kwenye dagaa. Mimi niliacha kuchambua. Video zipo, nikawaza, ila zimekaa kwenye diski mgonjwa, na diski hiyo ikifa leo, baba amekufa kweli kweli.

Ndipo nilipoamua kujenga seva.

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam, anajua kila kitu na hafanyi chochote. Nilipompigia alisema hakuna haja, pandisha zote mtandaoni. Nikamwambia kwa bando letu hili, litakwisha kabla bibi harusi hajatoka ndani mara ya kwanza. Nilitaka sanduku letu, ndani ya nyumba yetu, lenye video zote, kiasi kwamba mama akikaa kwenye kochi abonyeze rimoti, mumewe aongee. Kazi yangu ni bandarini Kigoma, kuhakiki mizigo inayopakiwa kwenye meli. Najua maana ya kitu kuwekwa mahali pake.

Basi nikapanga. Pale Mwanga, mjini Kigoma, nilinunua kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini kwa watu, kubwa kama begi la mahujaji. Nilipoifungua kwa bisibisi nikamkuta mjusi aliyekauka kwenye feni, naye alionekana amekaa humo muda mrefu kuliko karani yeyote wa ofisi hiyo. Nikaisafisha kwa brashi ya rangi. Diski mpya mbili alizinunua kaka, nashukuru, akazisafirisha kwa treni zikiwa zimefungwa ndani ya godoro la mtoto zisigongwe. Godoro hilo mpaka leo analilalia paka. Nikaongeza betri ya kushikilia umeme, maana umeme wetu ni kama mgeni mwenye haraka, humwoni akiaga.

Mahali pa kuiweka palitaka kikao. Jikoni kuna moshi. Chumbani kwangu bati liko karibu mno na kichwa, mchana ni tanuri. Ikabaki sebuleni, pembeni ya televisheni. Mama alikubali kwa sharti kwamba isivume wakati wa taarifa ya habari.

Akaniuliza diski mbili za nini.

"Zinaandika kitu kile kile kwa pamoja, mama. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu."

Akafikiri. "Basi hao ni wake wenza. Mume mmoja, kila mmoja amempikia chungu chake." Akaichungulia ile kompyuta iliyokuwa wazi. "Na umewabananisha hivyo? Watagombana."

Nilicheka, nikafunga skrubu. Alhamisi jioni seva ikawaka, taa yake ya buluu ikapepesa, na mimi nilijisikia fundi kuliko mafundi wote wa mwambao wa ziwa hili. Ijumaa asubuhi nikachomeka diski ya baba. Ikagonga, ikafikiria, ikafunguka. Nikaamrisha kila kitu kihamishwe, kompyuta ikasema itachukua karibu siku nzima. Nikamgeukia mama: "Usiiguse. Kabisa." Nikaenda kazini nikiwa naimba.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu nyumba yetu. Kwetu hakuna kitu cha umeme kinachokaa uchi. Mama anafuma kwa sindano tangu alipokuwa msichana kule Kalinzi, na kila kinachoingia mlangoni kinapewa kitambaa chake. Televisheni inacho. Redio inacho. Friji linacho kichwani na kingine kwenye mpini. Chupa ya chai ina kisketi. "Kitu kisicho na kitambaa," mama husema, "ni kitu cha kuazima." Na Ijumaa baada ya swala ndiyo siku wanayokuja wenzake kunywa chai sebuleni.

Niliporudi jioni nilisimama mlangoni na mkoba begani. Seva ilikuwa imevaa. Siyo kitambaa cha juu, la, vazi zima, nyuzi nyeupe na waridi, limebana mbele, limebana nyuma, lina marinda chini; kumbe mama alikuwa akilifuma tangu kompyuta ilipoingia mlangoni, akangoja tu nitoke. Tundu la feni lilikuwa limezibwa na ua kubwa la kufumwa, kazi nzuri mno. Juu yake kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki. Taa ya buluu haikuonekana. Nikaweka kiganja, nikakiondoa haraka, kwa kuwa ungeweza kuchomea chapati pale. Ilikuwa imejizima yenyewe kwa joto. Na diski ya baba mama alikuwa ameisokomeza humo humo ndani ya vazi, ubavuni, isipate vumbi.

"Mama! Nilikuambia usiiguse!"

"Sikuigusa," alisema mama, ametulia. "Niliivisha."

"Imeungua!"

"Wageni wanakuja, nayo imekaa hivyo mbavu nje. Wangesema mwanangu ameleta chuma chakavu. Wameisifia sana. Mmoja ameniomba nimfumie la friji lake."

Niliongea mengi. Sitayaandika yote, mengine yalikuwa ya bandarini. Nikalivua lile vazi, nikaacha mashine ipoe, nikaiwasha. Wale wake wenza wawili walikuwa wazima. Nikachomeka diski ya baba. Ta-ta-ta. Ta-ta-ta. Kimya. Nikarudia. Kimya.

Nikaangalia kilichokuwa kimewahi kuhama kabla joto halijazima kila kitu. Kilikuwa folda moja tu, ya picha za Idi, tena picha za mbuzi. Mbuzi amesimama, mbuzi amegeuka, mbuzi na jua upande mzuri. Mbuzi yule alikuwa amehifadhiwa kwenye diski mbili, salama salimini, hata moja ingekufa yeye angebaki. Ningecheka kama ingekuwa nyumba ya jirani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi na lile vazi mapajani, analikunja. Akaliweka chini.

"Kwa hiyo sauti yake ilikuwa humo?"

"Ilikuwa humo."

"Yote?"

"Karibu yote, mama."

Akainamisha kichwa. "Basi nimemzika mara ya pili. Kwa mikono yangu."

Hasira yote iliniishia pale pale. Nilikaa karibu naye, nikaliokota lile vazi, nikamalizia kulikunja.

Kaka, nilipompigia, alitoa dawa yake kwa sauti ya daktari bingwa: diski ikishapata joto na kugoma, ifunge vizuri isipate unyevu, iweke kwenye friji, halafu ujaribu ikiwa bado baridi. Wakati mwingine inafunguka mara moja ya mwisho. Nikamuuliza kama ameshawahi kufanya. Akasema amesikia.

Mama hakuuliza amesikia kwa nani. Alikwenda kwenye friji, akatoa samaki wetu, migebuka yote tuliyonunua kwa ajili ya wiki nzima, akaigawa kwa majirani, akafuta kila shelfu kwa sabuni ya unga mpaka isibaki harufu. Akaikausha diski kwa khanga safi, akaifunga kwenye mifuko ya nailoni, mfuko ndani ya mfuko, akaifunga mafundo ya mtu anayesafirisha asali. Akaiweka katikati, peke yake, akafunga mlango taratibu. Kisha akaondoa kitambaa cha kichwani mwa friji, na kile cha mpini. "Nalo lipumue," alisema.

Asubuhi ya Jumamosi tuliitoa. Nikaichomeka. Ikagonga. Ikafikiria sana. Ikafunguka.

Folda zikajaa kwenye kioo, majina yake namba tupu, maana baba hakuwahi kuipa video jina. Nikaganda. Nianze na ipi? Harusi ya dada? Ile safari ya meli? Mkono ukabaki hewani na diski tayari imeanza kugonga tena.

"Unangoja nini?" mama akauliza.

"Nachagua, mama."

"Oya, mwana wanje!" Yaani la, mwanangu; mama akishikwa na jambo Kiha humtoka chenyewe. "Mvua ikikukuta umeanika kahawa, unachagua punje? Unazoa! Zoa!"

Nikazoa. Nilikamata chochote kilichokuwa chini ya kidole nikakisukuma upande wa pili, kingine, kingine, na mama amesimama nyuma yangu anapepea mashine kwa ungo. Tuliendelea hivyo mpaka diski ya baba ikatoa mlio mwembamba kama kombe linaloburutwa kwenye saruji, na folda zake zote zikatoweka kwenye kioo. Haijafunguka tena tangu siku hiyo. Tumeirudisha kwenye kopo lake la biskuti, na mama aliisomea Fatiha. Sikumcheka.

Kuhusu vazi, tulifikia makubaliano baada ya mazungumzo marefu: seva inavaa kitambaa kidogo juu ya utosi tu, ukubwa wa sahani, na tundu la feni ni haramu kufunikwa, hata akija sheikh.

Mchana wa Jumamosi hiyo hiyo nilikaa kuangalia tumezoa nini. Mama hakutaka kukaa nami. Alisema ana ugali wa kusonga, lakini nilijua anaogopa. Alikuwa jikoni, mlango wazi, nasikia mwiko ukigonga sufuria.

Harusi haikuwemo. Safari ya meli haikuwemo. Video ya kwanza ilikuwa ya miguu ya watu. Ya pili ilikuwa ya ziwani, upepo umemeza kila neno, baba anapiga kelele na hasikiki. Nyingine ilikuwa giza tupu, bila shaka kile kifuniko cha lenzi. Nikafungua iliyofuata: dari. Dari ya sebule hii hii ninamokaa, na ule ufa wake. Baba alikuwa ameweka kamera mezani na kusahau kuizima. Dakika zikapita, dari, kuku anapita nje, mtu anafungua kabati na kulifunga. Nikapeleka mkono niizime.

"Bibie!" sauti ya baba ikaita, kubwa, imejaa sebule nzima.

"Bee!" mama akaitika kutoka jikoni.

Aliitika hivyo hivyo, bila kufikiri, kama alivyoitika maisha yake yote. Nikasikia mwiko umeacha kugonga. Akatokea mlangoni na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko, akaangalia huku na huku, akaniangalia mimi, kisha dari iliyokuwa kwenye kioo.

"Kofia yangu umeiweka wapi?" baba akauliza. "Nachelewa Ijumaa."

Mama akafungua mdomo, na sauti zake mbili, ile ya kwenye video na ya mlangoni, zikamjibu kwa pamoja, neno kwa neno:

"Iko kichwani mwako, mzee."

Ikasikika mikwaruzo ya mtu anayejipapasa kichwa. Halafu baba akacheka, kicheko chake kile cha kukohoa mwishoni, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau bila kujua. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta.

Mama akaja akakaa chini mbele ya seva, na unga wake mikononi.

"Rudisha," alisema. "Aniite tena."

Nikarudisha. Baba akamwita, tena na tena, mpaka harufu ya ugali unaoungua ikajaa nyumba, na kila alipoitwa, mama aliitika.