Televisheni Msibani kwa Mama Hilda

Mwezi uliopita nilipeleka pasi kwa fundi, hapa Handeni ninakoishi siku hizi. Mezani pake alikuwa amefungua televisheni ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mrefu, akaiwasha kuijaribu. Hazikupita dakika mbili ikaanza kutoa harufu yake, ya vumbi lililopata moto na plastiki iliyochoka. Nikasahau habari ya pasi. Nilijiona niko Kwamndolwa, kule Korogwe, nina miaka kumi na mmoja, nimesimama mlangoni kwetu kama askari wa geti.

Televisheni yetu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mtaani. Si kwamba tulikuwa na uwezo. Baba alikuwa fundi cherehani, na kaka yake wa Tanga aliponunua mpya akatupa sisi ile ya zamani. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa yeye na baba. Kila Jumamosi jioni sebule ilijaa watoto na watu wazima, tukimngoja mchekeshaji mmoja ambaye nchi nzima ilimpenda. Sisi watoto tulimwita Mzee wa Jumamosi. Suruali yake iliishia juu ya vifundo, na alizungumza kama mtu anayeumwa jino. Akikohoa tu, tumeshacheka.

Mzee wa Jumamosi akafa katikati ya wiki. Redio zilimlilia mchana kutwa, na ikatangazwa kwamba ibada ya kumuaga ingeonyeshwa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam siku ya Jumamosi, kuanzia asubuhi. Kesho yake baada ya tangazo hilo, hapo mtaani kwetu, ng'ambo ya njia, akafa Mzee Kanuti.

Redio haikumtaja. Baba yake alikuja na kazi ya mkonge kutoka upande wa Songea, akafia kambini, akamwachia mwanawe panga na jina ambalo kwetu halikuwa na ukoo. Mzee Kanuti naye alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa, kisha akalima mchicha na bamia kando ya Mto Pangani, akawa anapitisha nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Alikuwa mkimya mno. Akikupa fungu la mchicha anaongeza shina moja juu yake na kuondoka, hata kabla hujashukuru. Alikuwa na mke, Mama Hilda, na binti huyo mmoja tu, Hilda, aliyeolewa Handeni na aliyekuwa amejifungua majuzi. Ikaamuliwa mzee azikwe Jumamosi alasiri, ili Hilda awahi.

Jumamosi hiyo mama aliondoka mapema kwenda msibani na sufuria lake kubwa kichwani. Aliniachia agizo moja: nijaze ndoo mbili za maji, nizipeleke kwa Mama Hilda. Nilizijaza. Kisha watu wakaanza kuingia sebuleni kwetu, nami nikaona kazi ya mlangoni ni kubwa kuliko ya maji.

Kufikia saa tatu hapakuwa na pa kuweka mguu. Waliokosa nafasi walining'inia madirishani. Nilikuwa napanga nani akae wapi, na watu wazima walinitii, jambo ambalo halikuwahi kunitokea. Kwenye kioo watu walipita mbele ya jeneza lililojaa maua, na humu ndani kinamama walijifuta kwa ncha za kanga. Kijana mmoja wa bodaboda alisema yeye hakumlilia hata babu yake, huku machozi yanamtiririka. Mwalimu mstaafu aliyekalia kochi letu alisema ni ujinga kumlilia mtu asiyekujua hata kwa jina. Mama muuza vitumbua akamjibu kwamba marehemu alimchekesha kila Jumamosi kwa miaka, na akamuuliza mwalimu ni nani mwingine mtaa huu amewahi kumfanyia hivyo. Mwalimu akaanza kusafisha miwani.

Mama alirudi kufuata maji. Alinikuta mlangoni, akaziona ndoo zimejaa ukutani, akanitazama tu. Mtazamo ule ulikuwa mzito kuliko fimbo. Kisha akamwita baba pembeni. Nilimsikia akimwambia kwamba kaburi halijafika hata magotini, wanaochimba ni katekista na vijana wawili, na uani kwa mfiwa kuna mzee mmoja na wanawake wa jikoni. Baba akasema watu wataondoka sasa hivi, zikiisha salamu za rambirambi. Salamu zikaisha, zikaanza nyingine. Hakuondoka mtu. Hata baba hakuondoka. Futi yake ya ushonaji ilikuwa bado shingoni, macho yakiwa kwenye kioo.

Ndipo Mama Hilda alipotokea. Kwetu mfiwa hatoki mkekani, anafuatwa. Yeye alivuka njia peke yake, kanga kichwani, miguu mitupu. Nilimpisha bila kujua nimempisha. Baba akapunguza sauti ya televisheni, na mwalimu mstaafu akasimama. Mama Hilda alisimama pale mlangoni, uso wake ukielekea ndani. Mimi nilidhani anatazama televisheni.

"Baba Mwajuma," akamwambia baba yangu, "nakuomba hicho kitu ukilete kwangu. Anayetaka kulia, akalie huko."

Baba alisita. Alisema kwa heshima kwamba msiba si sinema, watu watamsema. Mama Hilda akarudia kwamba anaomba, akageuka, akarudi kwake. Hakungoja kuona kama amekubaliwa.

Wanaume wawili waliibeba televisheni kama mgonjwa. Waya ukaungwa na waya, ukapitishwa juu ya mwarobaini kuvuka njia, maana kwa Mzee Kanuti hapakuwa na umeme. Ikawekwa juu ya meza barazani, na watu wote wakaifuata. Lakini msibani mtu hakai akatazama tu. Mama yangu alikuwa na majembe tayari, na aliwagawia wanaume kwa majina, mmoja mmoja, hata wale aliowajua kwa kuwa wavivu. Walikwenda makaburini kwa zamu, wakarudi na udongo miguuni kuuliza wamepitwa na nini. Kinamama walichambua maharage macho yakiwa kwenye kioo. Mimi nilileta ndoo zangu mbili, na hakuna aliyenishukuru.

Mchana wakaanza kuonyesha vichekesho vya zamani vya marehemu. Mwanzoni watu walijizuia. Kisha akatokea kwenye kile kipande anamobishana na kuku, mwalimu mstaafu akapasuka kicheko, na uwanja mzima ukamfuata. Katikati ya kicheko hicho ndipo Hilda alipofika kutoka Handeni. Alikuwa ameanza kulia tangu barabarani, kama binti anavyomlilia baba yake, mtoto mchanga mgongoni. Kilio chake na kicheko chetu vikakutana pale langoni.

Alikwenda moja kwa moja mezani, akachomoa waya.

"Nimekuja kumzika baba yangu," akasema. "Ninyi mmekuja kufanya nini?"

Watu walitazama chini, na wengine wakaanza kutafuta ndala zao. Hilda akaingia ndani. Mimi nilikuwa humo, nimetumwa kupeleka maji ya kunywa, nikabanwa kati ya ukuta na wanawake walioketi kulizunguka jeneza. Kwa hiyo niliyasikia yote, ingawa hayakusemwa kwa sauti.

Hilda aliuliza nani kaleta aibu ile. Mama yake akasema ni yeye. Hilda akamuuliza kama amerukwa na akili, baba amelala hapa na watu wanacheka nje. Mama Hilda aliweka mkono juu ya jeneza, akalifuta kana kwamba lina vumbi.

"Asubuhi walikuwepo wanaume wanne, mwanangu," akasema. "Jeneza linabebwa na sita."

Hilda aliketi chini taratibu. Alimshusha mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa mama yake, naye akainamia jeneza la baba yake. Alilia muda mrefu, kwa sauti ndogo. Alipomaliza alitoka barazani, akamwambia baba yangu aunganishe waya. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtaka aombe.

Saa tisa katekista alisimama kuanza sala. Baba akachomoa waya mwenyewe. Kule Dar es Salaam foleni ya kuaga ilikuwa bado ndefu, na nilingoja watu wanung'unike. Hawakunung'unika. Tulimwacha Mzee wa Jumamosi hajazikwa, tukaondoka na Mzee Kanuti. Watu walipokezana jeneza mabegani njia nzima, Waislamu kwa Wakristo, mpaka sijui ni wangapi walilibeba. Wa mbele walipofika makaburini, wa nyuma walikuwa bado wanavuka barabara kubwa.

Maneno hayakukosekana. Sokoni walisema Mama Hilda kamgeuza mumewe kichekesho, na mwalimu mstaafu, aliyecheka kuliko wote, alirudia kila mahali kwamba kifo cha wengi ni harusi. Katekista alimnunia baba mpaka shati lake likahitaji kushonwa. Mimi nilipewa adhabu na mama, kupeleka maji kwa Mama Hilda kila asubuhi kwa mwezi mzima. Mwezi uliisha, nikaendelea kupeleka. Moyoni nilimhurumia kwa jambo ambalo sikumwambia: niliamini alimpenda Mzee wa Jumamosi kama sisi, na kwamba siku ile alikuwa na misiba miwili.

Nilimuuliza miaka mingi baadaye, nilipokwenda kumuaga kabla ya kuolewa huku Handeni. Alikuwa anapukuchua mahindi. Alicheka mpaka akaweka gunzi chini. Akasema huyo mtu hakuwahi kumwona, wala siku ile hakumwona, maana alikaa ndani na jeneza, mgongo ameupa mlango.

Nikamuuliza, sasa kelele zote zile alizivumiliaje? Nilikuwa mtu mzima, nimeshahudhuria misiba mingi, lakini ni kwa jibu lake ndipo nilipoijua ile siku niliyodhani naikumbuka vizuri.

"Nilikuwa nasikiliza miguu ya watu inavyoingia uani," akasema. "Kila akiingia mmoja, namwambia Kanuti, huyo mwingine."