Mama Mkwe Nyuma ya Komeo

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa Kidato cha Pili maana ya "break in": kuingia kwa nguvu mahali pasipo pako, bila ruhusa. Wote walitoa mifano ya wezi. Nilitoka darasani nikijisifu kwamba hata wanaoketi nyuma wameelewa.

Saa tisa nikarudi nyumbani Kimumu na kumkuta mama mkwe amekwama bafuni. Alikuwa amekuja Eldoret kwa kliniki ya presha, na safari yenyewe ilishavunja nusu ya miiko yetu. Kwetu kule ziwani, mama mkwe halali kwa mkwewe, hampi mkono wala haketi karibu naye. Siku tatu nzima tulikuwa tukipishana sebuleni kama magari kwenye daraja jembamba. Sasa komeo la mlango lilikuwa limekataa kufunguka, naye alikuwa ndani amejifunga leso moja tu.

"Mama, nivunje?"

"Usithubutu! Ngoja mke wako."

Mke wangu alikuwa kazini na simu yake imezimwa. Wanawake wote wa ploti tuliyopanga walikuwa hawajarudi. Nikakimbia kwa jirani yetu Msomali mwenye duka, akaja mbio na mtaimbo. Alipojua aliye ndani ni nani, akaniwekea mtaimbo mkononi.

"Mwalimu, huyo ni mama mkwe wako, si wangu. Vunja wewe."

"Nasikia kuna mwanaume mwingine hapo!" mama mkwe akafoka. "Atoke!"

Jirani akarudi nyuma hadi sebuleni. Kila nilipoinua mtaimbo, sauti ilinizuia: "Wewe! Si nimesema ngoja?" Tuliendelea hivyo karibu nusu saa, mimi nikibembeleza, yeye akinikemea. Dawa zake za saa nane zilikuwa bado mezani.

Kisha akanyamaza.

Nilimwita mara tatu. Kimya. Niliogopa sana, sifichi. Nilimwona akilini mke wangu akiniuliza nilikuwa wapi mama yake alipozidiwa, nami nikimjibu kwamba nilikuwa hapo mlangoni, nangoja kukubaliwa. Nikachukua blanketi, nikajifunika kichwa chote, nikaanza kupiga.

"Huo ni ukuta, mwalimu!" jirani akaniambia. "Enda kushoto! Kushoto kidogo!"

Nilipiga ukuta mara mbili na kidole changu cha mguu mara moja. Hatimaye komeo likang'oka. Jirani akageuka upesi kutazama televisheni iliyozimwa, nami nikabaki nimesimama gizani ndani ya blanketi langu.

"Mama! Uko sawa?"

"Niko. Sogea nipite."

Nikasikia malapa yakipita taratibu hadi chumbani. Nusura nilie kwa furaha, blanketi na yote.

Alirudi sebuleni amevaa, akameza dawa zake, akachagua kiti cha mbali kabisa. Jirani alikuwa ameshaenda zake na mtaimbo wake. Nikamuuliza, kwa heshima zote, mbona hakuitika nilipomwita.

Akageuzia uso dirishani.

"Kifua kilikuwa kimeanza kubana," akasema. "Na kukuambia uingie singeweza. Kwa hivyo nikanyamaza." Akajifunga leso vizuri begani. "Lakini ulichukua muda, mwalimu."